Jagi la Maji

Mama yangu aliuguza wazee wa watu kwa miaka 16, na siku ilipofika ya kumtafutia yeye mahali pa kuuguzwa, nilikosea. Nyumba ya kwanza niliyomchagulia ilimwumiza. Naandika haya kwa sababu najua Waswahili wengi walioko Marekani watafika hapo nilipofika, tena watafika kwa ghafla, na watapewa siku moja tu ya kuamua.

Mama alitoka Ngamiani, Tanga, akafika Columbus, Ohio, mwaka 2001. Mwaka uliofuata alisoma mafunzo ya wasaidizi wa wauguzi, yale ambayo sheria inataka yasipungue saa 75, akaanza kubeba boksi kama tusemavyo huku. Kazi yenyewe ilikuwa kugeuza watu kitandani, kuogesha, kulisha, kubadilisha pampasi, na kushika mkono wa mtu anayekata roho usiku wa manane huku wanawe wakiwa majimbo ya mbali. Akirudi zamu ya usiku alikuwa anavua viatu mlangoni, anakaa jikoni na chai ya rangi, anatusimulia. Sisi tulikuwa tunavaa tukimbilie shule, maneno yake tunayasikia nusunusu. Moja alilirudia sana: "Nyumba ya wazee haijulikani saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi kila bosi yupo. Nenda Jumapili jioni, wakati wa kula."

Februari 2024, akiwa ameshastaafu, akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, mkono na mguu, na maneno yakampotea. Kumeza alimeza vizuri, alhamdulillah, lakini katika maneno yote ya maisha yake likabaki moja tu: "haya." Haya ya kukubali, haya ya kuchoka, haya ya kuuliza. Ilibidi tujifunze kumsoma kwa sauti na macho.

Siku ya tano hospitalini akaja ofisa wa ustawi na karatasi yenye majina ya nyumba 14. Mama anatoka kesho, akasema, tuchague kabla ya saa sita mchana. Mimi na kaka yangu tukatazamana. Hapo ndipo nilipoanza kukosea, kwa sababu yapo maswali ambayo hupaswi kutoka hospitalini bila kuyauliza.

La kwanza: je, mama anaweza kwenda kwenye hospitali ya mazoezi badala ya nyumba ya uuguzi? Ni vitu viwili tofauti, ingawa watu huvichanganya. Hospitali ya mazoezi humfanyisha mgonjwa mazoezi kama saa tatu kwa siku, siku tano kwa wiki, daktari yuko karibu, na kwa mgonjwa wa kiharusi anayeweza kuhimili ndiko kunakopendekezwa. Nilikuja kuuliza baadaye, nikaambiwa mama wakati ule asingehimili saa tatu. Huenda ni kweli. Lakini niliuliza akiwa ameshatoka.

La pili linahusu pesa. Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, hulipia nyumba ya uuguzi iwapo mgonjwa amelazwa hospitalini rasmi siku tatu mfululizo, bila kuhesabu siku ya kutoka. Usiku wa kwanza mama aliandikwa yuko "chini ya uangalizi", na usiku wa namna hiyo hauhesabiwi, hata kama kitanda ni kilekile na daktari ni yuleyule. Kwa bahati, zilizobaki zilitosha. Namjua baba mmoja ambaye hazikutosha, na familia yake ikalipa kila kitu mfukoni. Muulize muuguzi kila siku, kwa maneno hayahaya: leo mgonjwa wetu amelazwa, au yuko chini ya uangalizi? Mwenye Medicare inayopitia kampuni binafsi ya bima ana masharti mengine, na mara nyingi lazima kampuni itoe kibali kwanza.

Tulichagua nyumba iliyo karibu na kwa kaka, dakika kumi kwa gari. Nikaenda kuiangalia Alhamisi saa nne asubuhi, saa ileile mama aliyoikataa. Mapokezi kulikuwa na piano, taa kubwa ya kuning'inia na harufu ya biskuti zinazookwa. Dada aliyenitembeza alinionyesha saluni, ukumbi wa mazoezi wenye mashine mpya, na bustani iliyofunikwa na theluji. Kwenye tovuti ya serikali, ile iitwayo Care Compare, ilikuwa na nyota nne kati ya tano. Nikatia saini.

Nyota nne zile sikuzifungua ndani. Ukizifungua utakuta ni nyota za aina tatu zilizochanganywa. Kuna za ukaguzi, ambazo wakaguzi wa jimbo huja bila taarifa, na hawatakiwi kukaa zaidi ya miezi 15 bila kurudi. Kuna za wafanyakazi, zinazotokana na kumbukumbu za mishahara, na hizo ni ngumu kuzidanganya. Halafu kuna za ubora wa huduma, ambazo sehemu yake kubwa hutokana na taarifa zinazoandikwa na nyumba yenyewe. Nyumba yetu ilikuwa na tatu za ukaguzi, mbili za wafanyakazi na tano za ubora. Nyota zake nzuri kuliko zote zilikuwa zile ilizojisemea yenyewe. Siku hizi mtu akinipigia simu kuniuliza, namwambia aanze na nyota za wafanyakazi, ashuke hadi kwenye mstari wa wafanyakazi wa mwisho wa wiki, kisha atazame ni wangapi wanaacha kazi kwa mwaka. Mahali ambapo wahudumu hawakai, hakuna anayemjua mama yako anapenda kulalia ubavu gani.

Mama mdogo alipiga simu kutoka Tanga jioni ileile. "Shikamoo mama," nikasema. Hakuitika. "Mwanangu, nasikia mmempeleka dada yangu kwa wazee?" Nilimwelewa. Kwetu ukitaja makazi ya wazee mtu anawaza Nunge kule Kigamboni, serikali inakowatunza wasio na wa kuwatunza. Nikamweleza kwamba ni mazoezi, ni ya muda, kwamba mama anahitaji watu wawili kumnyanyua na sisi sote tunafanya kazi. Alinyamaza kidogo, akasema: "Basi msimwache peke yake." Nilidhani ni lawama. Leo naona ulikuwa ushauri wa maana kuliko wote niliopewa wiki ile.

Maana hatukumwacha, lakini tulikuwa tunakwenda saa zetu. Kaka asubuhi kabla ya kazi, mimi saa mbili usiku nikitoka kazini. Kila nikifika mama ananyoosha mkono wa kushoto, unavuka kifua chake kwenda kulia, anasema: "Haya, haya." Nikadhani anataka simu, nikampa. Akaisukuma. Nikadhani anataka televisheni izimwe, nikaizima. Siku ya nne nikainama usawa wa kichwa chake nikatazama kule anakotazama. Jagi la maji. Lilikuwa juu ya meza ndogo upande wa kulia, upande uliokufa, limejaa hadi juu, barafu imeshayeyuka. Kila zamu mtu alileta maji mapya akayaweka palepale, na huenda aliandika kwamba mgonjwa amepewa maji. Kengele ya kuitia muuguzi nayo ilikuwa upande uleule, imening'inia nyuma ya kitanda.

Alikunywa vikombe viwili bila kupumzika. Nililia mbele yake, na yeye akanipigapiga mkononi kwa ule mkono mzima: haya, haya.

Siku ya saba nikamvua soksi. Hapa nawaomba msome polepole. Vitabu na mabango husema kidonda cha kulalia huanza na wekundu. Ngozi zetu nyeusi mara nyingi haziwi nyekundu. Mahali palipobanwa panakuwa peusi zaidi ya pembeni yake, au pana rangi kama ya zambarau, na ukigusa unasikia joto, nyama imekuwa ngumu au laini kuliko inavyopaswa. Mama mwenyewe alitufundisha hilo zamani, kwa sababu alishaona wazee weusi vidonda vyao vikigunduliwa vimeshachimbika. Kisigino chake cha kulia kilikuwa na duara la namna hiyo, kubwa kama sarafu ya shilingi mia mbili, lina joto. Nilimwita muuguzi. Akatazama, akasema haoni wekundu. Nikamshika mkono nikauweka pale. Ndipo akaandika.

Tulitaka kumtoa usiku uleule. Rafiki yangu mmoja muuguzi akanituliza: kwanza piga simu kwa mtetezi wa wakazi. Kila jimbo lina ofisi ya watetezi wa watu wanaoishi katika nyumba hizi, huduma yao haina malipo, na namba yao lazima ibandikwe ukutani mahali pa wazi. Mwanamke aliyepokea simu yangu alinieleza mambo mawili ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameniambia. Kwamba tuna haki ya kuhamia nyumba nyingine na siku za Medicare zitaendelea pale zilipoishia, hazianzi upya wala hazipotei. Na kwamba ile karatasi ya kukubali usuluhishi badala ya mahakama, niliyoitia saini katikati ya rundo la makaratasi siku ya kwanza, haikuwa sharti la kupokelewa, na nilikuwa na siku 30 za kuifuta. Niliifuta. Vilevile nyumba haiwezi kumlazimisha mtoto awe mdhamini wa deni kwa mali yake mwenyewe ndipo mzazi apokelewe. Makaratasi yale soma ukiwa umekaa, na ukiona neno la kukufanya mdhamini, lirudishe.

Jumapili iliyofuata nikaenda nyumba tatu, nikianza saa kumi na moja jioni. Sikupiga simu kabla.

Ya kwanza niliingia bila kuulizwa na mtu. Taa moja ilikuwa inawaka juu ya mlango, ile inayowaka mgonjwa akibonyeza kengele. Nikatazama saa yangu, nikasimama kama mtu anayesubiri mwenzake. Dakika 22. Katika dakika hizo wahudumu wawili walipita chini ya taa ile, mmoja akisukuma toroli la chakula, na sikuwalaumu, kwa sababu nilishahesabu: wawili, na vyumba vimejaa korido nzima.

Ya pili ilikuwa safi kuliko zote. Nikakaa pembeni ya ukumbi wa chakula. Bibi mmoja mwenye mikono inayotetemeka aliwekewa sinia, kifuniko hakikufunuliwa, na baada ya nusu saa likachukuliwa kama lilivyoletwa. Yule kijana aliyelichukua alimwambia maneno matamu sana. Nikaondoka.

Ya tatu zulia lilikuwa limechakaa na korido inanuka kabichi. Nilikaribia kugeuza. Nikamsikia mhudumu mmoja, mwanamama wa Kikongo, anazungumza Kiswahili cha kwao na mwenzake. Nikamsalimia, tukaongea kidogo. Nikamwuliza leo mko wangapi? Akasema: "Leo tuko watatu, wazee 26. Kesho sijui, dada yangu." Karatasi ya wafanyakazi wa siku, ambayo sheria inataka ibandikwe, ilikuwa ukutani na idadi ilikuwa ileile aliyonitajia. Ripoti ya ukaguzi wa mwisho ilikuwa kwenye jalada mezani, nikaisoma: walishawahi kuandikiwa makosa ya jikoni na ya kumbukumbu za dawa. Yule mwanamama wa Kikongo alikuwa pale mwaka wa tisa.

Nilipokuwa nasoma nikamwona anatoka chumba cha mzee mmoja. Kabla ya kufika mlangoni akarudi. Akavuta meza hadi usawa wa mkono wa yule mzee, akasogeza jagi, akalipinda bomba la kunywea lielekee kwake, akachukua kengele akaibana kwenye shuka karibu na kidole gumba. Akajaribu kuona kama mzee anaifikia. Ndipo akatoka. Hakujua kwamba namtazama, na hilo lote halikuchukua hata nusu dakika.

Nyumba ile ilikuwa na nyota tatu. Tulimhamishia mama Jumatano.

Sitaki kusema kila kitu kilikuwa kizuri. Chakula kilikuwa kibaya hadi mwisho. Kaka alikuwa anapika uji na kupeleka chupa ya chai kila asubuhi. Mara mbili waliletwa wahudumu wa kuazima ambao hawakumjua. Lakini tulipoingia tulikuwa tumeshajifunza kuomba. Ndani ya saa 48 nyumba inapaswa kuwa na mpango wa awali wa huduma kwa mgonjwa, na una haki ya kupewa muhtasari wake. Tulikaa kwenye kikao, tukasema: mama anaogeshwa na wanawake tu. Kichwa chake hakibaki wazi, kanga yake iko kwenye droo ya juu. Hali nguruwe. Meza, jagi na kengele ni kushoto. Visigino havigusi godoro. Yote yakaandikwa, na yule mwanamama wa Kikongo akachora mshale mkubwa kwenye karatasi unaoelekea kushoto, akaubandika juu ya kitanda.

Kingine tulichoomba ni mkalimani. Kiingereza cha mama, cha miaka 20 na zaidi, kilikuwa kimefutika, na maneno yaliyoanza kurudi yalikuwa ya Kiswahili. Mtaalamu wa usemi alikuwa anamwonyesha picha ya kijiko, anangoja neno la Kiingereza, anaandika kwamba ameshindwa. Nyumba zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zinapaswa kutoa mkalimani bila malipo, na walipomweka mkalimani kwenye skrini, mama alitazama picha ileile akasema: "Ki... kijiko." Mtaalamu akafuta alichoandika.

Ohio pia kuna Sheria ya Esther, iliyoanza kutumika mwaka 2022, inayomruhusu mkazi kuweka kamera chumbani kwake. Mwenye chumba cha pamoja lazima mwenzake akubali. Bibi aliyelala na mama alikubali, tukaiweka, na tulipokuwa hatuwezi kufika tulitazama.

Siku ya 34 ikaja barua: Medicare itaacha kulipa baada ya siku mbili, kwa sababu mgonjwa haendelei tena kupata nafuu. Niliwaza hiyo ndiyo mwisho. Sivyo. Kuna kesi ya Jimmo, iliyomalizwa kwa maelewano mwaka 2013, iliyoweka wazi kwamba kinachotazamwa ni kama mgonjwa anahitaji huduma ya kitaalamu, hata kama huduma hiyo ni ya kumzuia asirudi nyuma. Barua yenyewe ina namba ya simu ya kukata rufaa, na mwisho wa kupiga ni saa sita mchana wa siku inayotangulia siku ya kusitishwa malipo. Kaka alipiga siku ileile, mtaalamu wa mazoezi akaandika maelezo mapya, na tukakubaliwa.

Pesa zilituuma. Siku 20 za kwanza Medicare hulipa zote; kuanzia ya 21 hadi ya 100 mgonjwa anachangia, na mwaka ule wa 2024 ilikuwa dola 204 kwa siku. Mama hakuwa na bima ya ziada. Alikaa siku 58, kwa hiyo 38 za kuchangia, jumla dola 7,752. Ukoo mzima ulichanga, hadi Tanga. Baada ya siku 100 Medicare haitoi kitu, na kukaa moja kwa moja haikulipii hata kidogo. Hapo ni mfuko wako au Medicaid, bima ya serikali kwa mwenye kipato kidogo, na hilo linataka maandalizi ya mapema kuliko tuliyofanya sisi.

Mwaka uleule, Aprili, serikali ilitangaza kanuni ya kila mkazi kupata walau saa 3.48 za huduma ya wauguzi na wasaidizi wao kwa siku. Mama angefurahi, miaka 16 alilalamikia jambo hilohilo. Mwaka uliofuata mahakama ya shirikisho huko Texas ikaifuta. Kwa hiyo kuhesabu bado ni kazi yetu sisi tunaokwenda kutazama.

Mama sasa yuko nyumbani kwangu. Anatembea na fremu ya kushikilia, mkono wa kulia haujarudi wote, maneno yamerudi mengi. Mara moja kwa wiki ananiambia nimpeleke kule kwenye zulia lililochakaa, kumwona yule bibi waliyelala chumba kimoja, ambaye hakutoka. Wiki iliyopita nilikuwa nyuma yake. Aliingia, hakumsalimia kwanza. Alikwenda hadi kwenye meza, akaegemeza fremu, akalisogeza jagi kwa mkono wa kushoto, kidogo, halafu kidogo tena, hadi bibi akalifikia.

"Haya," akasema. "Shikamoo, dada. Habari za tangu juzi?"